Hoki ya Idaho si ndondo: namjibu mwandishi wenu wa michezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa michezo, yule aliyeandika juu ya hoki ya barafuni ya Marekani akaiita ligi ya ECHL, ya daraja la tatu huko, ndondo ya kwenye friji. Nilicheka, maana utani mzuri ni mzuri hata ukikugonga wewe mwenyewe. Lakini hoja iliyofuata utani ule siwezi kuiacha ipite hivi hivi. Kwa kifupi alisema kwamba ligi ambayo bingwa wake hapandi daraja ni ya kupotezea muda. Mfano aliouchukua ni timu ya Idaho Steelheads wa msimu wa 2022–23, ambao walitamba miezi yote ya msimu halafu wakaenda fainali wakafungwa mechi nne mfululizo. Akamalizia kwa kuuliza walikuwa wanakimbilia wapi.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni refa mstaafu wa soka. Ndondo nimechezesha, tena nyingi, mpaka magoti yakagoma. Siku hizi naishi Boise, Idaho, na kibarua changu kiko kwenye kikosi cha kubadilisha sakafu katika Idaho Central Arena, ukumbi wa watu kama 5,000 ulioko katikati ya mji, hapo hapo wanapocheza Steelheads. Leo hoki, kesho tamasha la muziki, keshokutwa hoki tena. Barafu haiyeyushwi kila mara. Tunaifunika kwa mbao maalumu za kuzuia baridi, tunapanga viti juu, watu wanakuja kucheza muziki bila hata kuwaza kilichoko chini ya viatu vyao. Wakiondoka, sisi tunafunua. Siku za mechi nakuwa karibu na geti la mashine ya kulainisha barafu, na jicho la refa halistaafu. Msimu anaousema mwandishi wenu niliuangalia kutoka pale getini.

Tuanze na hesabu, maana yeye amezipitia juu juu. Kila timu ya ECHL hucheza mechi 72 za msimu wa kawaida, kati ya Oktoba na Aprili. Ukishinda unapata pointi 2. Ukifungwa ndani ya dakika 60 huna kitu, lakini ukifungwa kwenye muda wa nyongeza au kwa mapigo ya mmoja mmoja unaambulia pointi 1. Idaho walishinda 58, wakafungwa 11 ndani ya muda, wakapoteza 3 baada ya muda. Jumla pointi 119. Ligi hii ilianza mwaka 1988 ikiwa na timu 5, na msimu huo ninaouzungumzia zilikuwa 28. Katika miaka yote hiyo hakuna timu iliyokuwa imeshinda mechi nyingi kiasi hicho, wala kufikisha pointi hizo. Kuna kombe la anayeongoza msimu wa kawaida, linaitwa Brabham Cup, wakalichukua. Kombe kubwa la mtoano ni Kelly Cup, lenye jina la Patrick Kelly, kamishna wa kwanza wa ligi. Hilo ndilo walilolikosa.

Sasa mwandishi wenu anasema 58 hizo zilipatikana dhidi ya vibonde. Hapo ndipo nilipojua kwamba ratiba ya kule hajawahi kuisoma.

Tazama ramani. Kundi la Milima msimu ule lilikuwa na Idaho, Utah, Rapid City kule South Dakota, Kansas City, Wichita, Tulsa, na Allen ya Texas. Boise iko peke yake pembeni. Jirani wa karibu msimu ule alikuwa Utah, na huyo jirani alikuwa zaidi ya kilomita 500. Rapid City ni zaidi ya 1,200. Kwa umbali kama huo huwezi kuleta timu icheze usiku mmoja halafu irudi. Ndiyo maana hapa kwetu mgeni akija mara nyingi anacheza mechi tatu: Jumatano, Ijumaa, Jumamosi, na mpinzani ni yule yule.

Watu wa soka hatuna kitu cha namna hiyo, na naomba msomaji akifikirie vizuri. Jumatano wachezaji wanapimana. Beki anamgandamiza mshambuliaji kwenye ukuta, mwenzake anaona, namba inakaririwa. Ijumaa deni linaanza kulipwa: gongo linapita karibu na kifundo cha mguu, maneno yanarushwa wakati wa kugombea kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira. Kufika Jumamosi kila kipa anajulikana anapenda kulala upande gani, kila kocha ameshaona hila zote za mwenzake, na refa anayeingia usiku huo bila kujua kilichotokea Jumatano ameumia. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu wa kikosi, ukitaka kujua timu iangalie Jumamosi. Jumatano hata timu mbovu inaweza kukuotea. Kumshinda mtu yule yule mara ya tatu ndani ya siku nne, akiwa na hasira na ameshakusoma, si kazi ya kibonde wala ya kuwafunga vibonde.

Na kasi yenyewe. Uwanja wa barafu una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, haufikii hata robo ya uwanja wa soka. Humo wanateleza watu kumi, makipa wawili, refa mmoja au wawili na wasaidizi wawili wa mistari, wote juu ya vyuma. Kisahani ni kipande cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi na unene wa sentimita mbili na nusu, na kabla ya mechi kinagandishwa, kwa sababu kikipata joto kinaanza kurukaruka badala ya kuteleza. Wachezaji wanabadilishana mchezo ukiendelea, hakuna kuomba ruhusa ya mtu, kila baada ya sekunde 45 hivi mstari mmoja wa wachezaji unaruka ukuta na mwingine unaingia. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kadi.

Nilichowahusudu marefa wa mchezo huu ni namna wanavyochezesha faida. Timu ikifanya kosa, refa anainua mkono juu lakini hapigi filimbi. Anasubiri mpaka timu iliyokosa iguse kisahani na kukimiliki. Wakati huo waliokosewa wanajua hawawezi kufungwa kirahisi, kwa hiyo kipa wao anaacha goli anakimbilia benchi, anaingia mshambuliaji wa sita. Ukumbi mzima unauona mkono ule ukiwa juu, kila mtu anajua kinachokuja. Miaka yote niliyochezesha soka nilikuwa nikipiga kelele "faida, faida" na hakuna anayenisikia. Hawa wameimaliza kwa mkono mmoja.

Ngumi nazo nizitaje, maana mwandishi wenu amezipa aya nzima kana kwamba ndiyo mchezo wenyewe. Wawili wakivua glavu wakapigana, kila mmoja anakwenda kibanda cha adhabu dakika 5. Wasaidizi wa mistari ndio wanaoingia kati, wakichagua wakati wa kufanya hivyo, na mara nyingi ni pale mmoja anapoanguka. Refa mkuu hashiki mtu, anasimama pembeni anakariri namba. Sizitetei ngumi hizo. Kichwa cha binadamu hakikuumbwa kwa shughuli hiyo. Nasema tu kwamba msimu ule kulikuwa na usiku mwingi mno hapakurushwa ngumi hata moja, na watu walijaa vile vile.

Nirudi kwenye hoja yake kubwa, ya kupanda daraja. Ni kweli, Idaho hata wangechukua Kelly Cup mara kumi wasingepanda. Ligi za Amerika Kaskazini hazina mlango huo. Juu kabisa kuna NHL, chini yake AHL iliyoanza mwaka 1936, chini yake ndiyo ECHL. Kila timu ya juu ina timu yake ya kati, na nyingi zina ya chini pia. Idaho wamefungamana na Dallas Stars wa NHL, na katikati yao wako Texas Stars wa Cedar Park. Kwa mpango huu timu hubaki ilipo. Anayepanda ni mtu.

Jambo hilo linaugeuza mchezo mzima, na ndilo mwandishi wenu ameliruka. Kocha wa Steelheads msimu ule, Everett Sheen, kazi yake haikuwa kushinda tu. Kazi yake ilikuwa kushinda huku anaporwa. Simu inapigwa asubuhi kutoka Texas: beki wao kaumia, wanamtaka wa kwako. Mchezaji anafunga begi na kupanda ndege mchana, na usiku wewe una mechi. Anayechukuliwa si yule mvivu wa benchi, ni yule aliyekuwa anakushindia. Kadiri unavyowafundisha vizuri ndivyo wanavyokuondokea. Wiki ijayo labda anarudishwa, labda harudi tena. Sasa chukua hali hiyo, itandaze kwenye mechi 72, halafu uniambie jinsi timu inavyofikisha ushindi 58. Mimi nilikuwa naona majina mapya yanashonwa kwenye jezi katikati ya msimu.

Halafu ligi yenyewe inakufunga mkono mmoja. Mchezaji aliyefikisha mechi 260 za msimu wa kawaida katika hoki ya kulipwa anahesabiwa mkongwe, na timu hairuhusiwi kuchezesha wakongwe zaidi ya wanne, ukiacha makipa. Kwa hiyo huwezi kujaza kikosi watu wazima wenye uzoefu ukatesa vijana. Lazima ukae na vijana, uwapike, wakiiva wachukuliwe.

Na wanaochukuliwa wanafika. Wachezaji zaidi ya 700 waliopita ECHL wamecheza NHL. Kipa Jonathan Quick alidakia Reading Royals kabla ya kuchukua Stanley Cup, kombe la NHL, mara mbili na Los Angeles, mwaka 2012 na 2014. Braden Holtby alipita South Carolina Stingrays, akaja kuchukua kombe hilo na Washington mwaka 2018. Lakini mfano nilioupenda ni wa hapa hapa Boise. Mwaka 2007 kijana wa Calgary aitwaye Jay Beagle, ambaye hakuna timu ya NHL iliyomchagua kwenye uchaguzi wa vijana, alitoka chuo kikuu huko Alaska akajiunga na Steelheads mwishoni mwa msimu. Mwaka huo huo wakachukua Kelly Cup. Akaenda Hershey, akachukua Calder Cup ya AHL mwaka 2009 na 2010. Mwaka 2018, kwenye kikosi kile kile cha Holtby, akanyanyua Stanley Cup. Ni mtu wa kwanza kuyachukua makombe yote matatu. Si mfungaji wa kutisha. Sifa yake kubwa ilikuwa kushinda ile vuta nikuvute ya kuanzisha mchezo, kisahani kinapoangushwa katikati ya magongo mawili. Kazi ndogo, ya sekunde moja, akaifanya mpaka ikamfikisha huko.

Makocha na marefa nao wanapanda, hilo pia lisisahaulike. Bruce Boudreau alichukua Kelly Cup na Mississippi Sea Wolves mwaka 1999 kabla ya kuwa kocha wa NHL. Na marefa wengi wa NHL mnaowaona kwenye runinga walijifunzia kazi kwenye kumbi hizi za watu elfu tano.

Najua atakachonijibu: vipi hao wengine? Wale ambao simu haiwapigii? Swali hilo nalikaribisha, kwa sababu hapo ndipo yeye na mimi tunapoachana kabisa.

Wengi hawapandi. Wenyewe wanajua. Ukimkuta mtu wa miaka 29 au 30 kwenye kikosi cha ECHL, hajidanganyi kwamba mwakani yuko Dallas. Mshahara wake unalipwa kwa wiki, na ni wa mamia ya dola, wakati kiwango cha chini cha NHL kwa msimu ule ule kilikuwa dola 750,000. Klabu inampa nyumba yenye samani kwa kipindi cha msimu. Msimu ukiisha, mshahara umeisha, na kiangazi kila mtu anajitafutia: wengine wanafundisha watoto kwenye kambi za hoki, wengine wanashika kazi za ujenzi. Wana chama chao cha wachezaji, PHPA, kilichoanzishwa mwaka 1967, kinachowasemea wao pamoja na wale wa AHL. Huo ni utaratibu wa watu walioajiriwa. Wana mkataba, wana chama, wana bosi, wana Jumatatu ya mazoezi. Mwandishi wenu anawaona wamesimama kwenye foleni wakisubiri maisha yaanze. Mimi nawaona kazini.

Mfikirie Willie O'Ree. Kila anayeandika juu yake anataja tarehe moja, 18 Januari 1958, alipoingia barafuni na Boston Bruins huko Montreal akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL. Haki yake. Lakini NHL alicheza mechi 45 tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji, zaidi ya miaka 20, ilipita kwenye ligi za chini: Quebec, Los Angeles, San Diego, mpaka anafika miaka 43. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni tangu ujana wake, alipopigwa na kisahani, na alilificha jambo hilo. Alikuwa winga wa kushoto, maana yake mchezo wote ulikuwa upande wa jicho bovu, kila pasi lazima ageuze shingo. Kule Los Angeles kocha akamhamishia winga ya kulia. Jicho zima likawa linatazama uwanja, na mabao yakaanza kumiminika: mara mbili aliongoza ligi nzima ya Western Hockey League kwa ufungaji. Nani atasema miaka ile ya San Diego ilikuwa ya kusubiri? Alishakuwa amejua kwamba Boston hawamwiti tena. Alikuwa anacheza kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua na aliifanya vizuri.

Sasa fainali. Sitairemba. Juni 2023 Idaho walikutana na Florida Everblades baada ya kuwatoa Toledo kwenye fainali ya Kanda ya Magharibi, na Florida wakawafunga 4–0 kwa mechi. Hapa mjini watu walinuna wiki nzima, na mimi nilinuna nao. Lakini mwandishi wenu ameandika kana kwamba walifungwa na wapita njia. Florida walikuwa mabingwa watetezi, walilichukua mwaka 2022. Wakalichukua tena mbele yetu. Halafu 2024 wakalichukua mara ya tatu, wakiwafunga Kansas City, na hakuna timu nyingine ya ECHL iliyowahi kulichukua mara tatu mfululizo. Golini walikuwa na Cam Johnson, ambaye alitajwa mchezaji bora wa mtoano mwaka 2022 na akatajwa tena 2023. Kwenye mchezo huu kipa akiwaka, pointi 119 za msimu wa kawaida hazikusaidii kitu. Unapiga, anadaka. Unapiga tena, inagonga mguu wake inatoka. Nimeona washambuliaji wakubwa wakirudi benchi wanayatazama magongo yao kama wamepewa ya bandia.

Kupoteza kwa mtu wa namna hiyo hakufuti mechi 58. Zile mechi zilichezwa, watu walilipa viingilio, vijana wakapanda, wazee wakalipa ada za watoto wao. Kama tunasema msimu hauna thamani mpaka ushinde mechi ya mwisho, basi kati ya timu 28 za msimu ule tumezitupa 27.

Kuna jambo moja ambalo angelitumia kuishambulia ligi hii ningemwelewa: uhai wa timu zenyewe. Newfoundland Growlers walichukua Kelly Cup mwaka 2019 katika msimu wao wa kwanza kabisa, timu ya kwanza ya Kanada kulibeba, na Aprili 2024 ligi ikafuta uanachama wao kwa kushindwa kutimiza masharti. Miaka mitano kutoka ubingwa mpaka kufutwa. Johnstown Chiefs, mmoja wa wale watano wa 1988, walihamishwa mji mwaka 2010. Hii ndiyo hatari ya kweli, inayomgusa mchezaji, muuza tiketi, na sisi wa kubadilisha sakafu. Hapo kuna makala nzima ya kuandika, nami ningeisoma mpaka nukta ya mwisho. Na kama anapenda vituko, aandike kuhusu Colorado Eagles, waliochukua Kelly Cup 2018, wakahamia AHL, wakaondoka nalo. Ilibidi ligi itengeneze kombe jipya kwa ajili ya bingwa wa 2019. Vituko vya ndondo vipo, tatizo ni kwamba amevitafuta pasipokuwapo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Matokeo ya NHL mnayachapisha kila Jumatatu, hata ya timu ambazo hapa Marekani kwenyewe watu wamezikatia tamaa. Tengeni mistari michache chini yake kwa ajili ya AHL na ECHL. Wasomaji wenu wanaozungumza Kiswahili wapo Boise, wapo Fort Wayne, wapo Portland ya Maine, na miji hiyo yote ina timu za ECHL ambazo sisi na watoto wetu tunakwenda kuziona kwa sababu tiketi zake tunazimudu. Msimamo wa ligi mkiuchapisha, msiweke safu tatu za ushindi, sare na kufungwa kama ya soka. Sare haipo huku. Wekeni safu ya ushindi, ya kufungwa ndani ya muda, na ya kufungwa baada ya muda, kwa kuwa hiyo ya mwisho ina pointi yake moja. Bila hiyo, Idaho wa 2022–23 watasomeka wana pointi 116, na nitalazimika kuwaandikia tena.

Wako,
Refa Mstaafu,
Boise, Idaho